Bafu la Chumba cha Nyuma

Yusta Kalinga alikuwa mtu wa kinyaa tangu utoto. Kijijini kwao Kalenga, akiona unywele kwenye ugali, siku hiyo hali tena. Alipofiwa na mumewe akahamia Mbeya, na kazi aliyoipata ikawa ya usafi kwenye gesti moja ya Ilomba, kusugua uchafu wa watu asiowajua.

Vyumba vingi alivimudu. Kilichomshinda ni cha nyuma, alichozoea kupanga Jailos, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyekuwa akishinda machimboni Chunya na kurudi mjini kupumzika. Bafu lake halikuwa na dirisha. Vigae vilikuwa vyeupe, lakini mistari ya saruji kati ya kigae na kigae ilishageuka myeusi, inateleza kama mgongo wa kambare. Kwenye kona, vumbi jekundu la Chunya lilikuwa limegandana na sabuni, nywele, na kitu cha rangi ya waridi kilichovutika kama kamasi kila alipokigusa kwa brashi.

"Huyu mtu anaoga au anaoza?" alinung'unika.

Akaenda kwa mwenye gesti, Mzee Ambokile. "Baba, ule weusi hautoki. Umeingia ndani ya saruji."

"Sugua tu, mama. Tumia dawa."

Basi akatumia. Alimwaga dawa ya klorini ya kutoa madoa kwenye mistari yote. Alipoona weusi uko pale pale, akachukua asidi ya kusafishia choo, akaimimina juu yake. Akafunga mlango ili harufu isiwafikie wageni, akapiga magoti kusugua.

Dawa zikachemka. Hewa kali ikampanda puani, kifua kikabana, macho yakajaa machozi. Akapapasa ukuta kutafuta mlango, ute ukamjaa viganjani. Hata hapo, pumzi ikimwishia, alisikia kichefuchefu kuushika ukuta ule. Kisha akaanguka, shavu likatua kwenye sakafu.

Jailos ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka Chunya, vumbi mwili mzima. Alisikia kikohozi, akaupiga mlango teke, akamkokota Yusta hadi uani na kummwagia maji usoni.

"Dada, pumua! Taratibu, pumua!"

Akamfuta kwa shati lake lililonuka jasho, kisha akamletea maziwa kwenye kikombe chake cha bati. Ukingoni kilikuwa na alama za midomo, na ndani chai iliyokauka.

"Kunywa, dada yangu."

Yusta alikitazama kikombe. Akamtazama mwenye kikombe, aliyekuwa bado amemwinamia. Akafumba macho, akanywa.

Zahanati walimwekea oksijeni. Nesi alikuwa mkali. "Maziwa hayakukusaidia chochote. Umeokolewa na huyu aliyekutoa nje kwenye hewa safi. Dawa zile hazichanganywi, mama. Zinaua."

Mzee Ambokile aliingiwa na hofu, akamwita fundi Sedekia akwangue saruji yote ya zamani. Vigae vitatu viling'oka vyenyewe. Chini yake kulikuwa na tope jeusi linalonuka yai viza, na minyoo myeupe, myembamba, ikijipinda. Bomba la ndani ya ukuta lilikuwa likivuja kwa muda mrefu.

"Hata angesugua mpaka kiama, weusi ungerudi," alisema Sedekia.

Jailos alisogea mlangoni, akachungulia. "Na mimi nilikuwa nasimama peku juu ya hayo!"

Yusta alikuwa ameshakimbilia uani, anatapika. Alipomaliza, alimwomba Jailos radhi kwa maneno aliyokuwa akiyasema juu yake, maana uchafu mwingi haukuwa wake. Jailos akacheka, akasema hata ule uliokuwa wake ulitosha.

Bomba likabadilishwa, dirisha likatobolewa, mistari ikajazwa saruji mpya nyeupe. Sasa mgeni akipewa ufunguo wa chumba kile anapewa na kwanja la mpira la kuvutia maji, anaambiwa akishaoga avute maji yote sakafuni na kuacha dirisha wazi. Wengine wananuna. Yusta, ambaye sauti yake imebaki na mkwaruzo, hajali. Kila asubuhi anaisugua mistari ile kwa maji ya moto na sabuni tu. Inang'aa. Lakini kabla ya kupiga magoti bado anatoka kwanza nje, anatema mate, anavuta pumzi ndefu, ndipo anaingia.