Niliyaonea Wivu Magoti ya Ndugu Yangu

Naikumbuka siku moja ya mavuno ya vitunguu kwetu Mtinko, mwanangu, ndevu zangu zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Lori lilisimama shambani, na mdogo wangu Daudi alikuwa akipakia magunia kama anabeba mito. Wasichana wakamshangilia. Mmoja wao, niliyempenda kimoyomoyo, akasema, "Kaka mtu yeye ni wa kukaa kivulini tu."

Kweli nilikuwa wa kivulini. Ugonjwa huu ulio nao wewe, mpwa wangu, wa damu isiyoganda upesi, ndio ulionikalisha pale. Tumbo moja lilituzaa, lakini Daudi alipewa magoti mazima, mimi nikapewa makatazo. Wivu ulinila kama mchwa anavyokula nguzo: nje unaona mti, ndani vumbi.

Nikainuka, nikajitwika gunia. Sikufika kwenye lori. Goti lilianza kuwaka kwa ndani, na jioni lilikuwa limevimba kama boga. Nyumbani nikasema ni homa. Mficha maradhi kilio humfichua; kulipokucha sikuweza kunyoosha mguu. Daudi akanibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari la kwenda hospitali. Na hata nikiwa juu ya mgongo ule, niliuonea wivu.

Enzi zile hapakuwa na sindano yenu ya kugandisha damu. Nilitundikiwa majimaji yaliyotolewa kwenye damu ya watu waliojitolea. Damu ikakoma gotini, lakini nilikuwa nimechelewa. Mguu wenyewe unauona ninavyouburuta.

Bibi yetu akaja kunitazama.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Kaka yangu aling'olewa jino," akasema, "akatoka damu mpaka akanifia mikononi. Hapakuwa na pa kumpeleka. Wewe una pa kupelekwa, halafu unanyamaza, kisa magoti ya Daudi?" Akanimiminia uji, ndipo akasema, "Marahaba."

Sasa wewe. Mama yako ananiambia dawa yako ipo hospitali, kwenye jokofu, nawe tangu asubuhi unaficha kiwiko kinachokuuma kisionwe na wenzako. Niseme kweli? Nakuonea wivu, kijana. Ningeipata dawa hiyo ujanani, leo ningecheza ngoma.

Basi nisikilize. Kiungo kikianza tu kuwaka au kukaza, sema, ukachomwe sindano mapema. Usingoje kivimbe, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vidonge vya maumivu vya dukani usivimeze kabla ya kumuuliza daktari, maana vingine huzidisha kutoka damu. Na kabla hujang'oa jino, waambie una ugonjwa gani. Wenzako wakibeba magunia, waache wabebe. Kila mtu na mwili wake.

Haya, vaa viatu, nitakusindikiza. Mungu akulindie viungo vyako, akupe uzee wa kutembea bila mkongojo, na wajukuu wakikukimbiza wasikupate.