Tangazo la tanki, na bidoni nilikimbia nayo

Leo asubui nimekimbia na bidoni ya kutekea maji ya mutu mbele ya watu wote, na sioni haya.

Mujukuu wangu Furaha anasoma mastere ya enjenieri kwenye chuo kikuu. Profesere aliwaambia waandike jambo moja namna mbili: raporo ya wakubwa, na tangazo la raiya. Furaha akachagua tanki ya maji ya kartie yetu, hapa mutaani, maana ukuta wake umepasuka.

Raporo ni ya wenye kusoma, mimi sigusi.

Lakini tangazo? Akalibandika palepale kwenye ufa. Mistari kumi na tano, ya herufi ndogo kama chawa.

Wamama waliokuja kuteka maji wakasogea karibu ili walisome. Chini ya ufa. Na watoto mugongoni.

Furaha akapiga kelele: "Mama zangu, mutoke, tafazali."

Nani anatoka kwenye mulolongo wa maji? Pale bidoni yako iko, ndipo nafasi yako iko.

Basi nikakamata bidoni ya kwanza, nikakimbia nayo mupaka barabarani. Na magoti haya.

Mwenye bidoni nyuma yangu: "We muzee, una wazimu? Rudisha!"

Wengine wakabeba zao mbio, wasipoteze nafasi. Chini ya tanki hakukubaki mutu.

Furaha ameandika upya, amebandika barabarani: "Panga bidoni hapa. Kule ukuta unaweza kuanguka."

Sasa anaogopa, ananiambia: "Koko, profesere atasema ni fupi sana."

Nyinyi munasema nini?

Mimi ninasema akuje alisome lile refu, kule kwenye ufa.