Kwetu, Juu Ni Bondeni

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa. Lakini kuuliza ukiwa umekaa garini, injini inanguruma na kioo umekishusha nusu, huo ni ujinga uliokubuhu, na aliyetakiwa kubebeshwa zigo lake ni Mama Bendera.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshika bendera kwenye kivuko cha reli, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kituo chenyewe si cha kutambia mtu: jukwaa la kutosha mabehewa mawili, tangi la maji lililoliwa na kutu, na nyumba kumi na moja za wafanyakazi wa reli. Nyuma kuna kilima. Mbele, reli inateremka taratibu hadi bondeni, pale mto unapopinda. Watu waliletwa hapo zamani, treni za mvuke zilipohitaji maji. Mvuke ukaisha, watu wakabaki.

Na lugha ya reli ikabaki nao. Kwenye reli, upande wa makao makuu ndio juu, hata kama ardhi inashuka. Kwa hiyo kule mtoni kunaitwa juu, na kilimani kunaitwa chini. Mtoto wa pale akiambiwa apande juu akachote maji, hushuka mbio na ndoo yake, wala haoni cha kuchekesha.

Mhandisi alipokuja kuinua tuta la reli, alimkuta Mama Bendera kibandani, simu ya stesheni sikioni. Akamuuliza toka garini maji ya mafuriko hutokea upande gani. Juu, akajibiwa, maana ndivyo ilivyo. Akaandika juu, akapandisha kioo, akaenda zake. Kalavati la kupitisha maji akalijenga kilimani, ambako mpaka leo linalaza mbuzi. Upande wa mto tuta likazibwa, hata panya hapiti.

Mvua zilipokuja mto ukafurika, maji yakagonga tuta, yakakosa njia, yakazigeukia nyumba. Tatu zikaenda. Moja ilikuwa ya mkazamwana wa Mama Bendera, aliyetoka na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi.

Mwezi uliofuata mhandisi akarudi, safari hii na karani na ripoti. Walikaa ofisini kwa bwana stesheni. Karani akasoma kwamba chanzo cha maafa ni taarifa potofu ya mwenyeji. Mwenyeji akikiri, nyumba zile tatu hazitajengwa tena. Wenyewe watapewa maturubai. Ni utaratibu tu, karani alisema kwa upole, huku akimsogezea mama kidau cha wino aweke dole gumba. Hakuuliza kama anajua kuandika.

Matusi alikuwa nayo ya kutosha. Huishi na mafundi reli miaka yote hiyo ukabaki na ulimi wa sharubati. Akayameza.

"Bwana stesheni," akasema, "treni ya juu inaelekea wapi?"

Bwana stesheni, ambaye alibakiza miezi minne astaafu na hakutaka makuu, alikohoa, akaitazama meza. Kisha akanyoosha mkono dirishani, kuelekea mtoni.

"Na kile kibao kakiandika nani?"

Kilikuwa nje jukwaani, kibao cha reli wenyewe, na mshale mweusi chini ya neno JUU. Mshale ulielekea bondeni. Mhandisi alikitazama kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza, na kweli ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama, si ungenifafanulia," akasema.

"Ungeshuka garini, baba, ningekuonyesha kwa kidole hiki hiki mnachokitaka leo."

Akakisukuma kando kidau cha wino, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la karani. Chini ya neno lake mwenyewe, lile "juu" lililonukuliwa kwenye ripoti, kwa ule mwandiko aliozoea kuandikia daftarini saa za treni zinazopita, akaandika: Aliyeuliza hakushuka garini. Akatia sahihi, tarehe, saa na dakika.

Karani alipotaka kuichana karatasi, bwana stesheni alikuwa ameshailalia kwa viwiko vyote viwili.