Bomba la Antena pale Ihumwa

Mwanangu, siku ile ya bomba naikumbuka kila nikisikia redio inakoroma.

FM ilikuwa ngeni Dodoma. Mjini ilisikika safi, lakini huku kwetu Ihumwa ilikuja kwa kuvizia, wimbo nusu, kelele nusu. Fundi Yobu, mwenye kibanda cha redio karibu na reli, alikuwa na redio kubwa ya zamani, ya mbao. FM yake iliishia namba tisini, stesheni zetu ziko juu ya hapo, haikuzifikia. Akaifungua, akatanua kidogo koili, ule waya uliosokotwa wa kushika stesheni, kwa njiti ya kiberiti, zikaingia. Kwa hilo simnyimi sifa. Mikono alikuwa nayo.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mpira redioni, na Yobu alishawaalika watu kibandani. Akatuita mimi na rafiki yangu Mathayo tusimamishe antena juu ya bomba refu la chuma. Mathayo akashika bomba, mimi nikashika kamba ya katani ya kulivutia. Waya wa umeme ulipita nyuma ya kibanda.

Mzee Malogo, aliyewahi kufunga antena za misheni, alikuwa akipita, akasimama.

"Wanangu, ngojeni. Lilazeni kwanza chini mpime. Likianguka upande ule, ncha inafika wapi?"

"Shikamoo mzee," Yobu akamjibu. "Wewe bado uko masafa mafupi. Sisi tuko FM!"

Watu wakaangua kicheko. Mathayo akasema taratibu, "Fundi, si tupime tu?"

"We Mathayo, unaogopa bomba? Inua, mpira unaanza!"

Akainua. Upepo wa huku unaujua, haupigi hodi. Bomba likaegemea waya. Mimi niliokolewa na kamba kavu. Mathayo hakuamka tena.

Msibani, Yobu akasimama mbele ya mama wa marehemu akasema, "Kijana alikuwa na haraka." Haraka! Na watu wazima waliosikia kila neno pale kibandani wakainamisha vichwa. Alisema uongo, namtaja kwa jina, na nitamtaja mpaka niingie kaburini. Yule mama nilimfuata nyumbani nikamweleza yote. Alilia, kisha akasema, "Kumbe mwanangu aliuliza."

Basi sikia. Kazi inayoweza kuua, ipime kabla hujainua kitu. Bosi akikucheka, mwache acheke, wewe kaa pembeni. Na mwenzako akifa kwa amri ya mtu, usikubali azikwe na lawama za mtu huyo; sema, hata ukibaki peke yako.

Mungu akupe ulimi wa kukataa, mwanangu, na kila jioni mama yako akufungulie mlango ukiwa mzima.