Walimsifu Mama kwa Kung'aa

Harufu ya udongo mkavu ulioguswa na mvua ya kwanza huwafariji wengine. Mimi hunichafua roho. Vuli ile nilipokuwa kidato cha pili, nyumba yetu ya Makorora ilinuka hivyo hata siku za jua kali, kwa sababu mama alikuwa mjamzito na alikula udongo. Ni ule ule wa vipande unaouzwa sokoni kwenye sinia, jirani na ubuyu na karanga. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akimletea, kaufunga kwenye pindo la kanga kama tunu. "Tafuna, wifi yangu. Huu unaongeza damu," alimwambia. Mama alitafuna, na mimi niliyekaa upande wa pili wa ua nilisikia mchanga ukisagika menoni mwake.

Tumbo lilivyokua, mama alizidi kuwa mweupe. Hakuwa amejipaka kitu. Weupe ulitoka ndani, ukapanda viganjani, ukafika midomoni. Wanawake wa mtaa wakaona neema. Walijaa barazani kumsifu. "Mimba imempenda huyu, anang'aa kama kioo." "Wa kike huyo, kampa mamaye uzuri." "Baba mtu naye siku hizi hatoki ndani," akadakia mwingine, wakacheka. Mama alicheka nao, kisha akainuka kwa kushika ukuta, na kabla hajafika jikoni akasimama katikati ya ua kutafuta pumzi. Hilo hakulisifu mtu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Msimu huohuo tulipata mwalimu wa fizikia, kijana wa Lushoto aliyekuja kwa muda tu. Alitufundisha kwamba nyota kubwa ikifa hulipuka, na kinachoulisha mwanga wake baada ya mlipuko mara nyingi ni nikeli, ambayo huoza, yaani hubadilika yenyewe huku ikitoa nguvu, ikawa kobalti, na kobalti ikaoza ikawa chuma. "Chuma kilichomo kwenye damu zenu kilipikwa ndani ya nyota," alisema. Mvulana wa nyuma akamuuliza, "Kwani mwalimu ulifika huko?" Akajibu, "Sikufika. Mwanga ndio umekuja huku. Unaupasua rangi zake, unasoma kilichomo." Halafu akatueleza habari za milipuko michache inayong'aa mno, kuliko ile ya kawaida mara kumi na hata mara mia. Ukipasua mwanga wa baadhi yake, haidrojeni huioni. Unaona oksijeni na kaboni. Na nikeli ya kutosha kulisha mng'ao wote ule, katika mingi, haipo. Basi labda unalishwa na kiini kilichobaki, kizito kuliko jua, upana wake kama kutoka Makorora hadi Pongwe, safari fupi tu ya daladala, sumaku ya kutisha inayozunguka kama pia ya watoto na kujimaliza nguvu. Au nyota ilijivua maganda yake zamani, na sasa mlipuko unayagonga. Wenyewe wataalamu bado wanabishana. "Kwa hiyo msisifie mwanga," alisema. "Ulizeni unalishwa na nini."

Nikaenda nyumbani na swali hilo. Nikamkuta shangazi anamsuka mama. Nikasema, "Shangazi, kama damu imeongezeka, mbona midomo ya mama haina rangi? Anang'aa kwa nini?" Mkono wake ukasimama kichwani mwa mama. "Tazama mtoto huyu. Skuli imekwisha kukuharibu. Mambo ya mimba yanakuhusu nini wewe? Unamtakia mamako husda?" Mama alinitazama kama anayetaka kusema kitu. Akasema tu, "Nenda kachote maji, mwanangu." Kliniki aliacha kwenda, kwa kuwa kila mtu alimwona mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mama hakuficha, yalikuwa usoni, na mtaa mzima uliyapigia vigelegele. Alijifungua kabla vuli haijaisha. Damu iliyomtoka haikuwa nyingi, mkunga alisema. Iliyokuwamo ndiyo ilikuwa kidogo. Mama akafa, na mtoto akamfuata.

Leo naishi mtaa wa Mabawa, nina binti, na nina mimba ya pili. Kliniki nilifundishwa kwamba hamu ya udongo huweza kuwa dalili ya damu kupungua, na udongo wenyewe huzuia chuma kuingia mwilini. Vidonge vya chuma vipo, na nesi hukagua damu ndani ya kope la chini. Midomo ya watu ni ile ile. Juzi shangazi alikuja na pindo lake limefungwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama kwa furaha. "Mashaallah, unang'aa kama marehemu mama yako." Nikaketi mbele yake, nikavuta kope langu la chini kwa kidole.

"Tazama hapa, shangazi. Uso uache."

Akainama, akatazama. "Jekundu," akasema.

"Mama mlimtazama wapi?"

Shangazi alikaa amelishika lile pindo, hakulifungua, mpaka alipoaga.