Mkeka Chini, Kuku Mezani

Sifa njema ni za Mola aliyeumba njaa kisha akaumba cha kuiondoa, akawapa watoto kinywa cha kula na, kwa hekima anayoijua mwenyewe, akawapa pia ulimi wa kukataa. Amani iwafikie mitume wake wote, tuliosimuliwa habari zao na tusiosimuliwa. Nimemshukuru kwa mengi katika umri wangu, na leo namshukuru kwa jambo dogo ambalo watu wawili watatu walitaka nilionee haya. Sikulionea haya wakati ule. Silionei haya sasa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa nakaa Durban, kule Berea, katika fleti niliyopanga pamoja na mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa msusi wa nywele kwenye saluni mjini. Mimi ni mtu wa Tabora, binti wa mwalimu wa Kurani. Asubuhi nilisomesha watoto wa Watanzania wenzangu, mchana nilishona. Chini yetu aliishi mama Myahudi, muuguzi wa hospitali, na watoto wake wawili, msichana wa miaka kumi na mvulana wa miaka sita. Yeye na mumewe walikwishaachana, na mume alikuwa Johannesburg. Mama huyu alizaliwa na kukulia Nairobi, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, na ndicho kilichotukutanisha kwenye ngazi.

Wakati wa baridi mwaka mmoja akabadilishiwa zamu, akawa anaingia kazini alasiri na kurudi watoto wakikaribia kulala. Akapanda kwangu.

"Mama, nina ombi. Siku tisa zinakuja, ni siku za huzuni kwetu. Nataka uje uwapikie watoto chakula cha jioni, lakini wale mboga tu."

"Hakuna shida, mwanangu. Mboga gani? Ng'ombe au kuku?"

Akanitazama. "Nimesema mboga, Mama."

"Nimekusikia. Mboga gani?"

"Mboga! Si nyama!"

"Aa, basi samaki."

Ikabidi akae. Kwetu Tabora mboga ni chochote kinachoteremsha ugali, na mtu ukimwuliza leo kuna mboga gani akakujibu nyama ya mbuzi, hajakosea. Kwao Nairobi mboga ni majani na vitu vya shambani. Tulipoelewana tulicheka mpaka mwenzangu wa Bukavu akatoka jikoni kuchungulia.

"Lakini shida kubwa ni nyanya," akaendelea, huku akifuta macho.

"Nyanya zipo tele sokoni, usihangaike."

"Nyanya, Mama! Mama ya baba yao!"

Hapo kicheko kikakatika. Bibi wa watoto, mama mzaa baba, alikuwa na nyumba yake upande wa Glenwood. Naye ni Myahudi, lakini mambo ya dini alikwishayaweka kando tangu ujana wake, na aliona mkwewe anawatesa watoto kwa desturi za kale. Alikuwa ametamka waziwazi kwamba hao watoto ni wembamba na wachaguzi, na jioni moja tu wakilala na njaa kwa sababu ya siku hizo tisa, atawachukua wakakae kwake. Mwanawe wa Johannesburg alikubali.

"Na akishawachukua," mama yao aliniambia, "sijui kama nitarudishiwa."

Nikamwuliza huzuni yenyewe ni ya nini. Akanieleza kwamba wanaililia Nyumba ya ibada iliyobomolewa Yerusalemu, na ndiyo maana hawali nyama siku hizo isipokuwa siku ya Sabato. Akakiri kwamba wapo wanaowaachia watoto wadogo wale nyama, lakini kwao tangu babu zake nyumba nzima ilikwenda pamoja. Nikamwambia Suleiman aliyeijenga Nyumba ile ni Nabii kwangu pia, sihitaji kufundishwa kumheshimu. Nikakubali.

Masharti yake hayakunisumbua. Mtu aliyelelewa akijua kilicho halali na kilicho haramu hashangai kusikia sufuria za maziwa zinakaa mbali na za nyama. Nilipika kwao, kwa vyombo vyao vya maziwa. Mayai niliyavunja moja moja ndani ya glasi kutazama kama lina tone la damu. Na kwa kuwa walitaka moto uwashwe na mkono wa Myahudi, mama mwenyewe aliwasha jiko kabla ya kutoka, akaniachia moto mdogo, nami nikauongeza.

Watoto ndio walionisumbua. Jioni ya kwanza nilipika mchuzi wa dengu ambao Tabora watu wangeulambia vidole. Mvulana akauchungulia kama anayechungulia kisima.

"Bibi, kuna kitu kinaelea."

"Ni kitunguu, baba."

"Kimegusa wali."

Dada yake akatia neno. "Yeye hali vitu vilivyogusana. Na mimi sili kitunguu ninachokiona. Eish, Bibi, Mama hakukwambia?"

Hakuniambia. Walikula mkate mtupu, na mvulana akadai mkate nao ulikaa karibu sana na mchuzi. Nilipanda ngazi usiku huo nikiwa na bakuli zima la dengu moyoni mwangu. Mwenzangu wa Bukavu alikuwa ananingoja mlangoni.

"Mama, unafunga karema ya Wayahudi? Sisi Wakatoliki kwaresima yetu ilikwisha zamani!"

"Sifungi. Napika."

"Na batoto balikula?"

"Hawakula."

"Basi wote munafunga!" Akacheka peke yake hadi akapaliwa.

Yeye alikuwa anatania tu. Lakini yuko bwana mmoja tuliyekuwa tukisali naye msikiti mmoja, alinisimamisha njiani akaniambia haipendezi binti wa mwalimu kutumikia maombolezo ya watu wengine. Nikamwuliza kama amana ina dini. Akasema sikumwelewa. Nikamwambia nimemwelewa vizuri, na kesho alasiri nitakuwa jikoni kama kawaida.

Kesho yake sikuanza na sufuria. Nilikaa na watoto mezani nikawauliza wanakula nini. Ikawa kama kuuliza mawingu. Mvulana alikula kuku, kuku, na kuku. Nikawaeleza kwamba mama yao ana mboga za Nairobi, ambazo ni majani, na mimi nina mboga za Tabora, ambazo ni kitu chochote kinachosindikiza chakula. Yai ni mboga. Jibini ni mboga. Karanga zilizosagwa ni mboga. Kila siku mmoja wao atachagua mboga ya kesho, na mwenzake hana ruhusa ya kununa.

"Hata chokoleti?" mvulana akauliza.

"Ukiona inateremsha ugali, uniambie."

Akafikiri kwa makini kabisa, akasema haitateremsha.

Basi tukaenda hivyo. Jioni moja nilikanda chapati, nikatandaza juu yake yai lililokaangwa jembamba, nikakunja, nikakata vipande kama magurudumu. Vikaisha. Jioni nyingine ilikuwa makaroni na jibini, jibini katika bakuli lake na makaroni katika lake, kwa heshima ya bwana mkubwa asiyependa kugusanisha. Msichana akachagua kile ambacho Durban nzima wanakula, mkate uliokatwa na kutobolewa katikati ukajazwa maharage ya viungo. Kitunguu nilikisaga kikapotelea humo, na Mungu anajua sikuulizwa, kwa hiyo sikusema uongo. Mvulana alikula kifuniko cha mkate kwanza, halafu kuta, na mwisho, kwa kuwa kuta zilikwisha na maharage yakabaki yamesimama peke yake, akayaonea huruma.

Lakini kilichomshinda kabisa ni ukoko. Niliacha wali ushike chini ya sufuria hadi ukawa na rangi ya asali, nikaubandua mzima.

"Hii ni biskuti?"

"Ni ukoko."

Akavunja kipande. Kikalia kati ya meno yake, macho yakamtoka. Dada yake akavuta upande wa pili. Wakapigania ukoko mbele yangu kama watoto wangu mwenyewe walivyokuwa wakipigania, nami sikuwaamua. Toka siku hiyo nilipika wali mwembamba katika sufuria pana, ukoko mwingi na wali kidogo, kinyume na kila nilichofundishwa na mama yangu.

Bibi yao alikuja siku zikiwa zimebaki chache. Jua lilikuwa linazama, nami ndio kwanza nimezima jiko. Aliingia bila kubisha, mwanamke mrefu, nadhifu, amebeba sinia lililofunikwa kwa karatasi ya alumini. Akalifunua mezani. Kuku mzima wa kuokwa, na harufu yake, nisimnyime haki, ilikuwa nzuri sana.

"Leteni sahani," akawaambia watoto kwa Kiingereza. "Leo mtakula chakula cha watu."

Kiingereza changu kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. "Mama, karibu. Kuku huyo hawezi kuingia kwenye sahani hizi."

"Basi watakula kwa mikono."

"Chakula chao kiko tayari."

Akanigeukia. "Wewe si Mwislamu? Wewe ndiye utakayenifundisha mimi dini yangu?"

"Sikufundishi dini, mama. Nimeachiwa watoto wawili na jiko moja. Mwenyewe akirudi atanikuta na watoto wawili na jiko moja."

"Watoto hawa wana njaa!"

Mvulana alikuwa anamtazama kuku. Sitamsingizia ushujaa, alikuwa mtoto wa miaka sita na kuku alikuwa mbele yake. Kumshika mkono sikutaka. Chakula cha kulazimishana huwa sumu, hata kiwe halali. Meza bibi alikwishaiteka, na kugombea meza na mtu mzima mwenzangu ningejidhalilisha. Nikachukua mkeka niliokuwa nashuka nao kila jioni kusalia, nikautandika sebuleni, na juu yake nikatandika kitambaa safi. Nikaleta sufuria, nikaibandua mbele yao. Ukoko ukatoka mzima kama mwezi, na pembeni nikaweka maziwa ya mgando, karanga na mayai, kila kimoja katika kibakuli chake.

"Kuku yuko mezani," nikawaambia. "Mimi nimepakua hapa chini. Atakaye, miguu ni yake."

Msichana akavua viatu, akaja. Mvulana akabaki amesimama katikati.

Bibi akapandisha sauti. "Unawakalisha sakafuni kama..."

Akakatiza. Mimi nilikuwa nimekwishakaa, nikamwinulia uso.

"Malizia, mama. Kama nani?"

Nikangoja, maana subira ninayo na sikuwa na haraka. Nilitaka alitamke, au alimeze akiwa ananitazama. Akalimeza. Mara tukasikia kitu kikivunjika, kraa! Msichana alikuwa ameng'ata ukoko.

"Usimalize!" mvulana akapiga kelele, akarukia mkeka na viatu vyake miguuni.

Alikula mpaka akalegea. Alichovya ukoko katika maziwa, halafu katika karanga, kisha, mwenyewe, kwa mkono wake, akavichanganya, na dada yake akanikanyaga mguu ili nisiseme kitu. Bibi alivuta kiti akakaa, amekumbatia mkoba. Hakutaka kuondoka bila ushahidi wa njaa yao.

Mama yao alirejea akatukuta hivyo, sisi watatu chini, bibi kitini, kuku kati yetu. Uso wake ukapauka. Bibi akainuka haraka, akamwinamia mjukuu wake.

"Mwambie mama yako ukweli, mpenzi. Una njaa?"

"Hapana."

"Usiogope. Sema kweli."

Mvulana akafikiri. "Nina kiu," akasema.

Msichana akaangua kicheko, nami nikaficha cha kwangu ndani ya mtandio. Mama yao hakucheka. Alivua koti la kazi akalitundika, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Umesikia. Wanalala kwao. Na mwanao akipiga simu, nitamwambia mwenyewe." Bibi akafunika kuku wake, akashuka ngazi. Visigino vyake tulivisikia hadi barabarani.

Mlango ulipofungwa, mama yule alikaa nasi kwenye mkeka. Ndipo akaniambia kwamba siku ya mwisho, siku ya kufunga yenyewe, huwa wanakaa chini namna ile kwa huzuni. "Wewe umewakalisha kabla ya siku, Mama," akasema, na sasa akacheka, huku machozi yanamtoka.

Baba wa watoto alipiga simu kweli, siku iliyofuata. Nilikuwa nasuuza mchele, nikamsikia mama yao akisema hapana mara kadhaa, bila kuzidisha neno. Siku tisa zikaisha watoto wako kwao. Mwaka uliofuata zikawakuta hapo hapo, na uliofuata tena, nami nikapika yote miwili. Bibi yule tulipishana njiani mara nyingi hadi familia ile ilipohama nchi. Mimi nilimtolea salamu kila mara, kwa sauti ya kusikika, maana salamu ni ibada. Yeye hakuwahi kuitikia, na sikuwahi kumwomba msamaha.

Wewe unayesoma, Mola akujalie chakula cha halali na watoto wenye hamu ya kukila. Akuepushe na kumwekea mwenzio sharti juu ya njaa ya mtoto wake. Ukiachiwa amana na mtu wa imani yako au isiyo yako, akupe mgongo mgumu wa kuilinda na moyo laini wa kuirudisha. Amina.