Niliyatia maneno yangu kinywani mwa binti wa filamu

Nilidanganya. Nilidanganya mbele ya ukumbi mzima, kwa kipaza sauti, na watu wakanipigia vigelegele. Naandika kwa sababu nimechoka kukutana na akina mama ambao hadi leo wananishukuru.

Mimi si mtu wa shule nyingi. Kifaransa nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na redio, baada ya kazi. Ndiyo maana vijana wa parokia yetu hapa Lubumbashi huniita Jumapili mchana wanapoonyesha filamu. Sauti inapunguzwa kidogo, mimi nakaa kando ya skrini, na kila linalosemwa nalirudia kwa Kiswahili ili mama zetu wafuate. Watoto wananitania: "Papa Mikro!", yaani baba wa kipaza sauti. Nilijivunia jina hilo. Ah, nilijivunia sana!

Filamu ya siku ile ilihusu binti wa familia iliyohamia Ulaya kutoka nchi ya mbali. Wahusika wote walitiwa sauti za Kifaransa. Baba anasafisha ofisi, mama ni mgonjwa, na mwenye kujua lugha ya pale ni binti peke yake. Yeye anasoma barua, yeye anaongea na mwenye nyumba, yeye anakwenda na mama hospitali. Anakua hivyo, akisema kwa niaba ya wote. Mwishoni, jikoni, anamwambia baba yake: "Ninawapenda, lakini naenda kusoma. Mtajifunza kusema wenyewe."

Niliitazama nyumbani kabla, kama desturi yangu. Kwa hiyo ulimi haukuteleza. Nilipanga!

Binti yangu Odile alikuwa amepata diploma ya kumaliza sekondari. Shangazi yake wa Kolwezi, muuguzi, alikuwa amemtafutia nafasi katika shule ya uuguzi huko, na angekaa kwake. Aliyebaki kukubali ni mke wangu. Nilikuwa nimesema mbele ya wote kwamba uamuzi ni wa mama. Kumbe moyoni nilitaka akatae. Kaka zake wawili walishaondoka na hawapigi simu. Odile ndiye niliyebaki naye jioni, tukibishana juu ya maneno ya kamusi. Sikuwa na hoja yoyote. Nilikuwa na woga tu.

Mke wangu ni mtu wa Lukafu, mlimaji, Kifaransa hakijui. Siku ile alikaa safu ya mbele, Odile pembeni yake.

Ilipofika ile sehemu ya jikoni, nilisema kwenye kipaza sauti: "Papa, nisamehe. Sitaenda popote. Nitabakia na ninyi."

Mama zetu wakapiga vigelegele. Lakini kwenye skrini binti akabeba sanduku, akapanda treni! Mama mmoja akaita: "Papa Mikro! Na ile valizi, anaenda nayo wapi?"

"Anaenda kusalimia shangazi. Kesho anarudi," nikajibu.

"Na analia hivi ju ya shangazi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka. Odile hakucheka. Alikuwa ananitazama.

"Papa," akasema tulipofika nyumbani, uani, polepole, "ule mutoto hakusema vile. Alisema anaenda."

Hapo ningeweza kujiokoa. Badala yake nilimjibu kwa sauti ya mwalimu: "Kifaransa cha sinema ni kizito, mwanangu. Haukusikia muzuri."

Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko lile la ukumbini. Masikio yale niliyafundisha mimi! Na mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni mabovu. Akajibu: "Sawa, papa. Wee njo unajua." Yaani, wewe ndiye unayejua. Akaingia ndani.

Jioni ileile mke wangu alisema: "Mumeona? Ata batoto ba Bulaya banabakia na bazazi babo. Odile, Kolwezi utaacha." Sikumsahihisha. Shangazi alingoja jibu, kisha nafasi akapewa mwingine.

Tangu siku ile Odile hakubishana nami tena juu ya neno lolote. Nikimuuliza maana ya neno, jibu lilikuwa lilelile: "Wee njo unajua." Nyumba ilikuwa na amani, na amani ile ilinichosha kuliko ugomvi.

Mwishowe nilimwambia mke wangu ukweli. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini. Nilingoja matusi. Akauliza:

"Na kwa munganga?"

Ni lazima nieleze. Mke wangu ana shinikizo la damu, na munganga, yaani daktari wake, ametoka Kinshasa, Kiswahili chetu hakijui. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea.

"Kwa munganga nilikuambia kweli yote," nikasema.

"Nitajua namna gani?"

 

Sasa kwa daktari anakwenda na Odile. Mimi nawasindikiza, nabaki kwenye benchi la nje. Kupitia mlango nasikia sauti ya daktari, kisha ya binti yangu, taratibu, bila kuruka neno.

Juzi shangazi alipiga simu: nafasi nyingine imepatikana. Mke wangu akasema mara moja, mbele yangu: "Enda, mwanangu. Nilikukataza ju ya bongo, ule uongo wa papa yako. Enda."

Odile akatikisa kichwa. "Nikienda, mama, nani atakusemea kwa munganga?"

Nilikuwa nimekaa palepale, mezani, kamusi zangu nyuma yangu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Na shangazi alikuwa bado anangoja kwenye simu, akiita: "Alo? Alo?"

Ninyi mnaowasemea wengine, kanisani, hospitalini, kwa wakubwa wa kazi, namwomba kila mmoja wenu: peleka neno kama lilivyotoka, hata likikuchoma mwenyewe. Na ukishadanganya, mtoto wako akakugundua, usimwambie kwamba amesikia vibaya. Mwambie ukweli siku ileile, palepale uani, kabla hajaingia ndani. Mimi niliacha aingie.